Divai ya Asali Haifungwi Kabla ya Wakati Wake



Asali ya Kabambare huufikia mji wetu wa Kasongo ndani ya bidoni za njano, zilizofungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli au pikipiki. Anayeileta huwa amevuka vijito vingi na madaraja mabovu, naye akifika sokoni huiuza upesi, kwa sababu chumvi, sabuni na karo za watoto zinamsubiri nyumbani. Sehemu kubwa ya asali hiyo huliwa hivyo ilivyo, au huwekwa kando iwe dawa ya kikohozi. Nyingine huchanganywa na maji, huachwa ichachuke siku chache, kisha hunywewa ingali ikitoa povu. Desturi hiyo ni ya zamani katika sehemu nyingi za Afrika yetu. Watu wa Tabora wana wanzuki, Wakikuyu wa Kenya wana muratina, Waethiopia wana tej, na vinywaji hivyo, kwa kawaida, hunywewa vikiwa vichanga.

Mwaka uliopita nilijifunza njia nyingine, ile ya kuiacha divai ya asali ikomae, kuitia katika chupa na kuitunza kwa miezi mingi. Katika kazi hiyo mimi ni mwanafunzi bado. Nimeifanya mara moja tu. Siandiki, basi, ili kufundisha ufundi. Naandika kwa sababu kazi hiyo iliniweka mbele ya swali ambalo sisi tunaohudumu katika jumuiya zetu hukutana nalo kila mara: ni lini jambo limekwisha kweli, na ni lini limenyamaza tu?

Asali yenyewe sikuinunua. Ililetwa na mjumbe kutoka kijiji kimoja cha upande wa mto Luama, ikiwa imetumwa na mama mjane mwenye umri mkubwa. Mama huyo ana wana wawili wanaokaa hapa Kasongo, katika jumuiya moja, nyumba zao zikitenganishwa na mashamba machache ya mihogo. Kwa muda wa miaka 6 walikuwa hawasemezani. Chanzo kilikuwa mabati 20 ya nyumba ya marehemu baba yao. Vita vilipoifukuza familia kijijini, yule mkubwa aliyauza mabati hayo, na yule mdogo hakupewa hesabu. Ujumbe wa mama ulikuwa mfupi: “Mwalimu, nitengenezee kinywaji cha siku ya kupatana wanangu. Ila usikawie, nimezeeka.”

Siku hiyo ya kupatana haikuwa na tarehe. Pombe ya siku chache haiwezi kumngoja mtu. Ikipita juma moja huwa chungu, kisha siki. Kwa sababu hiyo nilichagua kutengeneza kinywaji kinachoweza kungoja.

Kazi ilianza mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Nilichukua kilo 3 za asali iliyochujwa nta, nikaikoroga katika maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka mchanganyiko wote ukafika lita 10. Kwa uzani, asali ni sukari karibu sehemu 8 katika 10. Hivyo kila lita ilibeba gramu 240 hivi za sukari. Chachu huila sukari hiyo na kutoa vitu viwili, yaani kileo na gesi ya kaboni. Gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa kileo cha asilimia 1. Kama chachu ingeimaliza sukari yote, divai ingefikia asilimia 14. Lakini chachu inayopatikana sokoni kwetu ni ile ya kuumulia unga wa mkate, nayo kwa kawaida huchoka ikifika asilimia 10 au 12. Maana yake ni kwamba sukari kidogo ingebaki, na divai ingebaki na utamu wake. Naomba mkumbuke jambo hili, kwa kuwa ndipo penye hatari.

Asali ina sukari tele, lakini chakula kingine ambacho chachu inakihitaji ni haba ndani yake. Ndiyo sababu divai ya asali huenda polepole kuliko vinywaji vingine. Nilichemsha kijiko cha chachu ili chachu hiyo iliyokufa iwe chakula cha ile iliyo hai. Kisha nilitoboa kifuniko cha bidoni, nikapitisha mpira mwembamba, na ncha yake ya pili nikaizamisha katika chupa ya maji. Kwa njia hiyo gesi ilitoka, na hewa haikuingia. Usiku wa tatu sisi sote nyumbani tulisikia mapovu yakilia katika chupa ile, kama mtu anayenong'ona chumba cha nyuma.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa jina la Louis Pasteur, Mfaransa ambaye kuanzia mwaka 1857 alionyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai wadogo sana, wasioonekana kwa jicho. Tulilikariri jina hilo kwa ajili ya mtihani. Sasa nimeielewa maana yake. Ikiwa ni kazi ya viumbe hai, basi viumbe hao hushiba, huchoka, hulala, na huamka. Baridi ya usiku wa kiangazi huwalaza. Joto la mvua za kwanza huwaamsha.

Mapovu yalipopungua, mwishoni mwa mwezi wa nane, niliihamisha divai kwa mpira hadi katika bidoni nyingine ndogo, nikiyaacha mashapo chini. Nilifanya hivyo tena mwezi wa kumi. Bidoni ilijazwa mpaka shingoni kila mara, kwa sababu hewa ikikaa juu ya divai, vijidudu vya siki hupata nafasi. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mapovu yalikuwa yamekoma kabisa, na divai ilikuwa imetakata, rangi yake ikifanana na chai nyepesi. Kwa macho, kazi ilikuwa imekwisha.

Chupa nilizipata kwa Padri, ambaye huweka kando chupa tupu za divai ya Misa, zile za sentilita 75 zenye vifuniko vya kuzungusha. Alinipa 11. Aliponikabidhi alitabasamu, akanikumbusha lile ambalo kila katekista hulijua: sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 924, inataka divai ya Ekaristi iwe ya asili, iliyotokana na zao la mzabibu, isiyoharibika. Divai ya asali, hata ikiwa safi namna gani, haiwezi kuingia katika kalisi. Mahali pa nyuki katika liturujia yetu ni pengine: katika mshumaa wa Pasaka, ambao wimbo wa mkesha wenyewe huutaja kuwa kazi ya nyuki. Nilipokea neno hilo kwa moyo wote. Divai yangu ilikuwa ya meza, na meza niliyokuwa nikiifikiria ilikuwa ya ndugu wawili.

Wakati huohuo wazee wa jumuiya walikuwa wakiwashughulikia ndugu hao. Mapema mwezi wa kumi na mbili waliwaita, wakawaonya, wakawaomba. Ndugu wakapeana mikono mbele ya watu. Furaha ilikuwa kubwa, na kiongozi wa jumuiya akapendekeza kwamba sherehe ya kupatana ifanyike siku ya Noeli, baada ya Misa, mama yao aitwe kutoka kijijini, na ile divai ya asali inywewe hapo. Alinigeukia na kusema, “Mwalimu, tia katika chupa sasa, ipate kutulia. Tunangoja nini? Wamekwisha kupeana mikono.”

Fundi mmoja wa pombe, aliyepata kukaa miaka mingi upande wa Tanganyika, alikuwa amenishauri jambo moja ambalo nawapa ninyi pia. Kabla ya kufunga chupa za kioo, jaza chupa moja ndogo ya plastiki, ile ya maji ya nusu lita, uifunge vizuri na kuiweka mahali penye joto. Yeye aliiita shahidi. Kila siku uiminye kwa vidole. Ikibaki laini, divai imetulia. Ikiwa ngumu, ndani yake chachu ingali inafanya kazi na gesi inajikusanya. Plastiki hutuna tu. Kioo hupasuka, na vipande vyake huweza kumtoa mtu jicho. Divai ya Champagne ya Ufaransa inatuonyesha nguvu hiyo. Inapotiwa katika chupa huongezewa gramu 24 hivi za sukari kwa lita, sawa na vijiko 4 hivi vya chai kwa chupa moja, na sukari hiyo ndogo huleta mgandamizo wa mara 6 ya ule wa hewa ituzungukayo. Ndiyo sababu chupa za Champagne ni nene na nzito. Zangu hazikuwa za namna hiyo.

Shahidi wangu nilimfunga tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili na kumweka karibu na jiko. Siku ya tano alikuwa laini. Siku ya tisa nilihisi ukinzani kidogo. Siku ya kumi na mbili alikuwa mgumu kama jiwe. Divai ile iliyotakata, isiyo na povu hata moja, ilikuwa imelala tu. Joto liliiamsha, nayo ikaikumbuka sukari iliyobaki.

Nilipoishika chupa ile ngumu nilifikiri juu ya mikono waliyopeana wale ndugu. Niliwahi kuufundisha mara nyingi mfano wa Bwana wetu kuhusu divai mpya na viriba vikuukuu, na kila mara niliueleza kama fumbo. Sasa niliuona kama neno la mtu aliyeijua kazi ya mikono: kinachoendelea kuchachuka kina nguvu, na chombo kikifungwa kabla ya wakati, kitapasuka, na vyote viwili, chombo na divai, vitapotea. Nilikwenda kwa kiongozi wa jumuiya, nikamwomba tuwaulize ndugu wale swali moja kabla ya kutangaza sherehe. Tulimwuliza kwanza yule mdogo, faraghani, kama moyoni limebaki jambo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Nimempa Yaya mkono kwa sababu wazee wameniomba. Lakini hadi leo hajaniambia pesa zile zilikwenda wapi.”

Sherehe ya Noeli haikufanyika, na wapo waliokasirika. Walisema kwamba mwalimu anaupenda ugomvi kuliko amani. Neno jingine liliniumiza zaidi, kwa kuwa lilikuwa la kweli: mama yao ni mzee. Mwezi wa kwanza ilitujia habari kwamba anaumwa homa na hawezi kuondoka kitandani. Usiku ule sikulala vizuri. Kungoja nako kuna bei yake, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyeamua kungoja. Sitaki mtu asome maneno haya akadhani kwamba uvumilivu haugharimu kitu.

Divai ilinifundisha pia kwamba kungoja si kuacha. Bidoni ikisahauliwa pembeni huku hewa ikiingia, haipati divai iliyokomaa, inapata siki. Nilirudisha mpira na maji kwenye kifuniko, na nikaipeleka bidoni mahali penye joto la kadiri, chachu ipate kuimaliza kazi yake bila kuzuiwa. Na kwa ndugu wale tulifanya vivyo hivyo: wazee wawili waliendelea kukaa nao kila Jumamosi, wakilinda maneno yao yasitoke nje na kugeuzwa masengenyo sokoni. Ugomvi unaoachwa wazi kwa kila mpita njia huharibika, kama divai iliyo wazi.

Katika wiki ya pili ya Kwaresima yule mkubwa akaongea. Nusu ya pesa za mabati ilimsafirisha mama na kumzika baba. Nusu nyingine aliipeleka katika biashara ndogo kwenye machimbo ya Namoya, akitumaini kuirudisha maradufu, ikapotea yote. Jambo la kwanza angeweza kulisema siku ileile. La pili lilimtia aibu, na kwa sababu ya aibu hiyo akayafunika yote mawili kwa miaka 6. Mdogo hakumkumbatia. Aliuliza idadi ya mabati. Wakahesabu pamoja, na mkubwa akaahidi kumrudishia mabati 5, moja kila mavuno. Lilikuwa ni neno kavu, la hesabu, lakini mle ndani sukari ilikuwa imekwisha.

Shahidi wa pili, niliyemfunga mwishoni mwa mwezi wa kwanza, alikaa laini siku 30. Mwishoni mwa mwezi wa pili nilizisafisha chupa kwa maji yaliyochemka, nikazijaza hadi karibu na mdomo, nikazifunga, na juu ya vifuniko nikapaka nta ya asali ileile. Nikazipanga wima ndani ya sanduku la mchanga katika chumba chenye giza, mbali na jiko. Divai ya asali iliyo changa huwasha koo na kutoa harufu kali ya kileo. Miezi hupunguza ukali huo kidogo kidogo, na harufu ya maua huanza kurudi. Joto na mwanga huiharibu. Giza na utulivu huijenga.

Wapendwa, sisi katika Jimbo la Kasongo tumerithi mafundisho ya namna hii tangu mwanzo. Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake wasimbatize mtu mzima kabla ya miaka 4 ya maandalizi. Wengi waliiona sheria hiyo kuwa ngumu. Hata leo nasikia wazazi wakisema, “Mwalimu, mtoto amekwisha kujua sala zote, kwa nini asibatizwe sasa?” Kujua sala ni kama kutakata kwa divai. Ni dalili njema, lakini haitoshi. Anayemjua mtoto huyo humtazama pia akiwa mahali penye joto: anapokasirishwa, anapokosa, anapoombwa kushirikisha mwenzake alicho nacho.

Mama alipona, naye alifika Kasongo juma la Pasaka, akiwa amekaa katikati ya mwendesha pikipiki na mjukuu aliyemshika kiuno. Tulifungua chupa 6. Kileo chake ni karibu maradufu ya kile cha bia, kwa hiyo kila mtu alipewa glasi ndogo pamoja na chakula, na mmoja wetu anayepambana na ulevi alipewa soda, bila neno na bila mtu kumtazama. Jirani yetu Mwislamu, mzee aliyekuwa amewasihi ndugu wale kabla ya sisi sote, aliletewa kikombe cha asali mbichi niliyoiweka akiba kwa ajili yake. Aliibariki siku hiyo kwa dua yake. Ndugu wale wawili walikaa meza moja. Hawakuongea mengi. Mkubwa alimmiminia mdogo, na mdogo akasema, “Asante, Yaya.” Mama alionja, akafikiri, akasema kwamba asali yake ilikuwa tamu kuliko hii, akaomba maji ya kuichanganya.

Chupa moja niliipeleka nyumbani kwa mapadri. Nne zimebaki katika mchanga. Hadi leo yamekwisha kurudishwa mabati 2, na yaliyosalia yanangojewa. Baadhi yenu mtakuwa na jambo la namna hii katika familia au jumuiya yenu, lililofungwa kwa haraka ili sherehe isicheleweshwe. Kabla ya kulitangaza kuwa limekwisha, mtafuteni shahidi wake, mwulizeni aliye mdogo zaidi, faraghani, kama moyoni pamebaki kitu. Na akijibu kwamba kimebaki, msimwache peke yake na jibu hilo.